Ngozi Yangu na Satini ya Mama Mkwe

Kabla sijasema lolote juu ya mama mkwe wangu, nataka ieleweke kwamba mimi hujipaka mafuta. Hujipaka asubuhi, mchana na nikienda kulala. Nalisema hili mapema kwa sababu kwa miaka arobaini na mitatu kila mtu aliyenikaribia ameniuliza swali lile lile, "Kwani wewe hujipaki mafuta?", tena kwa sauti ya huruma, kama anayezungumza na mtu aliyesahau kuvaa suruali. Mimi ni fundi wa nguo. Nina cherehani mbili kwenye veranda ya duka mjini Kitale, na kazi yenyewe ni kukaa mahali mji mzima unapita ukinitazama mikono.

Ngozi yangu ni kavu. Sizungumzii ule mpauko mdogo wa baada ya kuoga, ambao mtu hutema mate kiganjani, akasugua magoti, akaenda zake kanisani. Yangu hutoka magamba. Ikifika Januari, mahindi yakiwa yameshapukuchuliwa na upepo unavuma ukibeba vumbi na makapi mji mzima, viganja vyangu hupasuka kwenye mikunjo, ncha za vidole hugeuka msasa, na nikivua soksi unadondoka unga. Mke wangu hufagia upande wangu wa kitanda kila asubuhi bila kusema neno, na kule kutosema kwake ni hotuba ndefu.

Nilizaliwa hivi. Marehemu mama yangu hakulikubali hilo hata siku moja. Kwake yeye mtoto aliyepauka alikuwa mtoto asiye na mama, na hakuwa tayari kusemwa hivyo na wanawake wa kanisa letu. Tulikaa shambani nje ya Kitale, mahali ambapo kitu kisichokosekana mwaka mzima ni gunzi la mahindi, na kila Jumapili alfajiri nilisimamishwa kwenye karai la maji ya moto, nikapakwa sabuni ya kipande, ile ya kufulia, kisha nikasuguliwa kwa gunzi kuanzia shingoni hadi visiginoni. Magamba yalitoka, ni kweli. Na ngozi nayo ilitoka. Halafu nilisimamishwa juani nikauke vizuri, nikishakauka kama mbao ndipo nikapakwa mafuta. Kufikia wakati wa sadaka nilikuwa nimepauka tena, na mama ananitazama kutoka upande wa wanawake kana kwamba nimeyafuta makusudi. Jumapili iliyofuata alisugua kwa nguvu zaidi. Tuliendelea hivyo hadi nilipoanza kuota ndevu, na hakuna aliyefikiri kwamba labda gunzi ndilo lenye makosa.

Ningeweza kuishi na ngozi hii kama ningekuwa mkulima au mwalimu. Lakini nilijifunza kushona, na Mungu ana mzaha wake. Ukishona kaki, ukishona jinzi, ukishona sare za shule, vidole vyako vinaweza kuwa na miiba na hakuna atakayejua. Satini ndiyo adui. Satini haisamehi. Kidole chenye ufa mdogo tu kikipita juu yake kinanasa uzi, uzi unavutika, na kwenye kitambaa kinachong'aa unabaki mstari ambao hata upige pasi mpaka kesho hautoki. Basi paka mafuta, utaniambia. Nikipaka mafuta, kila ninaposhika pananyonya doa. Nikiosha mafuta kwa sabuni ili nishike kitambaa, baada ya nusu saa vidole vimekauka kuliko mwanzo. Kinyozi hajinyoi, lakini angalau kinyozi hamnyoi mteja kwa kichwa chake mwenyewe. Mimi kazi yangu yote iko kwenye ngozi ambayo haitaki kazi.

Mwaka jana, kabla ya Krismasi, nilikuwa nimeshona majoho ya kwaya moja, ishirini na mawili, satini nyeupe yenye kola ya buluu. Mwenyekiti wa kwaya alikuja kuyachukua, akalitandaza moja mezani, akapitisha mkono polepole, akasimama kwenye bega. Kulikuwa na mistari mitatu. Akatazama mistari, akatazama vidole vyangu. Hakunigombeza. Alisema tu, "Fundi, hii mikono yako si uende uangaliwe?" Na pale veranda palikuwa na wateja wengine wanne, kila mmoja na dawa yake. Ati ninywe maji mengi. Ati ni damu chafu, nichemshe majani ya mwarobaini. Ati ni kiatu cha mtumba ndicho kilichoniambukiza. Kiatu, kwenye mikono! Mmoja aliniambia nimsamehe aliyenikosea, kwa sababu kinyongo hukausha mwili. Wakati huo niliyekuwa na kinyongo naye ni yeye. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti, na maiti hawezi hata kuwaambia waombolezaji wanyamaze.

Baada ya hapo wateja wa satini walianza kunipita. Walisalimia vizuri, wakauliza hali ya watoto, kisha wakaenda na vitambaa vyao kwa fundi wa upande wa pili wa barabara, mwenye vidole laini kama vya mtoto na mishono iliyopinda kama mkia wa nguruwe. Iliniuma sana. Niliogopa, nasema wazi, kwamba ifikapo mwisho wa kiangazi kile nitakuwa fundi wa kutia viraka na kubadilisha zipu, na hapo ndipo nitakapozeekea.

Katika hali hiyo ndipo mama mkwe wangu alipoingia na sabuni.

Lazima nieleze. Nyumbani kwa mke wangu ni nje kidogo ya mji wa Bungoma, na kwetu sisi mume wa binti hamkaribii mama mkwe wake. Hashikani naye mkono. Hakai naye chumba kimoja, hali chakula akimwona anakula. Mkikutana njiani mmoja anaiacha njia. Si uadui, ni heshima, na heshima yenyewe ni kubwa kiasi kwamba katika miaka kumi na miwili ya ndoa sikuwahi kumwona mama yule kwa karibu kuliko umbali wa kutoka mlango wa jikoni hadi kwenye mti wa parachichi, ambapo huwekewa kiti changu. Akitaka kuniambia jambo humwambia mke wangu. Mimi nikitaka kumjibu humwambia mke wangu. Mke wangu huongeza chumvi kwenda na kurudi.

Tulienda kuwasalimu mwaka mpya. Nikakaa kwenye kiti changu chini ya parachichi na, kwa kuwa upepo ulikuwa mkali na mikono ilikuwa inawasha kupita kiasi, nikajikuna. Nilijikuna kwa siri, au nilidhani ni siri. Kutoka mlango wa jikoni mama mkwe alinitazama akijua anachokiona, kama mtu anavyotambua ng'ombe wake kutoka mlima wa pili. Hakuweza kuja kuniangalia mikono. Hakuweza kuniuliza. Kwa hiyo aliamua mwenyewe, kutoka kule kule, kwamba mkwe wake ana upele.

Wiki mbili baadaye ikaletwa Kitale, imefungwa kwenye gazeti kuukuu: vipande vitatu vya sabuni nyeusi. Alikuwa amemtuma mtu Lwakhakha, kwa mwanamke wa ng'ambo ya mpaka anayetengeneza sabuni za dawa. Ilinuka salfa, na chini ya salfa ilinuka josho la ng'ombe.

"Mama anasema uoge nayo mara tatu kwa siku," mke wangu akasema. "Usugue sana. Harafu usipake kitu, wacha ikaukie kwa mwili."

Alisema "harafu" kama mama yake, ili nijue maneno ni ya nani.

"Mimi sina upele."

"Najua huna upele."

"Basi mwambie."

Alinitazama kana kwamba nimemtuma akamtukane mama yake sokoni. "Nimwambie nini? Ati mkwe amekataa dawa yako? Si utaenda umwambie wewe."

Alijua siwezi. Zawadi ya mama mkwe hairudishwi wala haijadiliwi. Sijui ni watu gani wengine duniani wangeweza kunaswa hivi, dawa ya ugonjwa mwingine imetoka kwa mtu usiyeruhusiwa kumsogelea, na kwa sababu humsogelei huwezi kumwonyesha kwamba amekosea. Nikaoga nayo. Mjinga mimi, nikaoga nayo wiki tano.

Siku ya kwanza ilichoma kama pilipili. Siku ya nne ngozi ya mikono ikaanza kung'aa, nyekundu, imekazana, ukikunja kidole inapasuka. Mke wangu alipopiga simu nyumbani na kuulizwa hali yangu alisema, kwa heshima, "Anaendelea vizuri, mama, anashukuru sana." Mama mkwe akafurahi. Akatuma vipande vingine vitano, vyenye nguvu zaidi, na ujumbe: nisiache hata kama inauma, kwa sababu kuuma ndiko wadudu kufa. Nilitaka kupiga kelele. Badala yake nilitoa shukrani, zikapelekwa, zikaongezwa chumvi.

Ukistaajabu ya Musa utayaona ya Firauni. Mwezi wa pili kitinda mimba wa nyumba ile akaposwa, siku ya wageni kuleta mahari ikapangwa, na mama mkwe akanunua satini. Mita sita, rangi ya kijani cha mgomba mchanga, laini kiasi kwamba mke wangu alipoikunjua iliteleza mezani ikaanguka yenyewe. Ilikuwa ya gomesi, lile vazi la akina mama lenye mabega yaliyosimama na mshipi mpana kiunoni, na bila gomesi mama wa binti hapokei wageni kwetu. Ujumbe ulikuwa mfupi.

"Anasema ushone wewe mwenyewe," mke wangu akasema. "Ameambia watu wote ati mkwe wake ni fundi mkubwa Kitale. Anasema hatavaa ya mwingine."

Nilikitazama kitambaa kile na nikaitazama mikono yangu, ambayo yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa ameimaliza, na nikacheka. Kisha nikakasirika kiasi cha kutoka nje kwenda kusimama barabarani. Kama ningeliharibu gomesi lile, lingevaliwa mbele ya koo mbili na mistari yake mabegani, na hakuna mteja Kitale wala Bungoma angewahi tena kuniletea kitu cha kung'aa. Na kama ningelikataa, ningekuwa nimemkataa yeye.

Basi nikafanya jambo ambalo ningepaswa kulifanya miaka ishirini mapema. Nikaenda kuangaliwa.

Daktari alikuwa dada wa umri mdogo, mpole, lakini asiye na subira na upumbavu. Alinishika mikono yote miwili, akaigeuza. Nilishtuka kidogo. Sikumbuki mtu mwingine aliyeishika bila kwanza kuvuta pumzi. Akaniuliza naoga vipi. Nikamweleza sabuni nyeusi, mara tatu, na kusugua. Akaniuliza utotoni nilioga vipi. Nikamweleza gunzi. Akaiweka kalamu chini.

"Nani alikwambia ni upele?"

"Mama mkwe."

"Yeye ni daktari?"

"Hapana. Aliniona kutoka mbali."

"Mbali aje?"

Nikamweleza mti wa parachichi. Alijitahidi asicheke na akashindwa.

Kisha akanieleza, na alipojua mimi ni fundi alinieleza kwa lugha yangu. Ngozi, akasema, ni kitambaa kilichofumwa ili kushika maji ndani. Yako imefumwa mianya, tangu tumboni mwa mama yako, na hakuna sabuni itakayoifuma upya. Maji yanatoka kutwa kucha. Maji ya moto yanayeyusha yale mafuta machache uliyo nayo, sabuni inayakokota, gunzi linachana uzi uliobaki. Na ukingoja mwili ukauke ndipo upake mafuta, unafunga mlango wa zizi ng'ombe wameshatoka.

Masharti yake yalikuwa mepesi kiasi cha kuudhi. Nioge mara moja kwa siku, maji ya vuguvugu, haraka, nisikae humo nikiimba. Sabuni kwapani, miguuni na pale panapostahili, mikono na mwili upate maji tu. Nijipanguse kwa kugusagusa taulo, nisisugue. Halafu, kabla mwili haujakauka, ungali na unyevu, nijipake mafuta mazito. Akaniandikia na krimu ya kulainisha magamba, lakini ya kila siku akasema ile jeli wanayopaka ng'ombe chuchu kabla ya kukamua inatosha kabisa. Kitale nzima kila nyumba yenye ng'ombe ina kopo lake! Ng'ombe wa jirani yangu walikuwa wakitunzwa ngozi kuliko mimi, na mimi napita pale kila siku nikiwasikitikia kwa kulala nje.

"Na nikishika satini?"

Akafikiri. "Usiku paka jeli nyingi, uvae glavu za pamba. Asubuhi pangusa kwa kitambaa chenye maji, bila sabuni. Wewe si ni fundi? Jishonee."

Nilishona glavu hizo kwa shuka kuukuu, jozi mbili. Nilizivaa kila nikienda kulala, na mke wangu alisema naonekana kama maiti ya mzungu iliyopambwa. Siku tatu za kwanza sikuona kitu. Siku ya sita niliamka nikakunja ngumi na hakuna kilichopasuka. Nilikaa kitandani nikikunja na kukunjua kama mwehu. Wiki ya pili vidole vilikuwa vya mtu. Nyuma ya viganja na juu ya vifundo bado palikuwa na mabaka ya sabuni, meusi, yaliyokunjamana, na hayo daktari alisema yatachukua miezi. Lakini ncha za vidole, zile zinazogusa kitambaa, zilikuwa laini. Nilijaribu kwenye kipande cha satini. Kikapita. Nikajaribu tena, nikijua nitanasa, na kikapita. Nikaketi pale veranda na machozi yakanilengalenga, kisha nikawakasirikia wote upya, maana ilikuwa rahisi hivyo. Miaka arobaini na mitatu, na ilikuwa jambo la taulo na kopo la ng'ombe.

Vipande vya sabuni vilikuwa bado vinakuja. Nilimwomba mke wangu, nikamsihi, amwambie mama yake ukweli. Tuligombana. Nilimwambia heshima si utumwa. Aliniambia hilo nikaliseme Bungoma. "Mama anaombea hiyo mikono kila asubuhi," akasema. "Unataka nimwambie ati ndiye aliichoma?" Tukapanga sabuni kabatini, gazeti juu ya gazeti, mpaka nguo zetu zote zikanuka josho.

Kuhusu vipimo nisiulizwe. Mke wangu ndiye aliyempima na tepu yangu, ndani, mimi nikiwa nje nyuma ya ukuta nikiuliza kwa sauti, naye akijibu kwa sauti. Kila nikiuliza kuhusu mkono alisema, "Uko sawa tu." Sawa tu si inchi. Nilishona hivyo hivyo. Nilishona siku tisa, na sitaona aibu kusema kwamba lilikuwa gomesi zuri kuliko yote niliyowahi kushona, mabega yamesimama, hakuna uzi mmoja ulionaswa.

Siku ya wageni, jua lilikuwa kali na mvua bado haijaja. Nilikaa chini ya parachichi na shemeji zangu. Nilimwona mama mkwe akitoka mlangoni mara moja, kijani kinang'aa, wanawake wakapiga vigelegele, na mimi nikatazama chini kama inavyostahili, lakini kichwa kilikuwa kikubwa. Kisha wageni wakafika langoni na kuanza kuimba, wakisubiri kukaribishwa. Mama mkwe akainua mkono kuwaitikia. Hata pale nilipokaa nikauona mshono wa mkono wa kushoto ukifunguka, kwa sababu "sawa tu" ilikuwa imepungua inchi mbili.

Wakamrudisha ndani mbio. Kuvua gomesi na kulivaa upya si kazi ya dakika mbili, na wageni wakiimba langoni hawangojeshwi. Shangazi wa mke wangu akachukua sindano. Ni mama wa jembe, amelima tangu utotoni, na vidole vyake vikapita juu ya satini mara moja tu kabla sijasikia sauti ya mama mkwe kutoka ndani, kubwa, ya mtu aliyeona uzi ukivutika kwenye nguo yake.

"Acha! Acha, unamaliza nguo! Mwiteni yeye."

Mzee mmoja wa ukoo akakohoa, akatazama pembeni, na kukohoa kule tulikuelewa wote kuwa ruhusa. Mke wangu alinijia mbio. Akaning'iniza shuka kwenye mlango wa chumba, mama mkwe akakaa kwenye kigoda upande wa ndani, akautoa mkono na bega lake nje ya shuka, na mimi nikapiga magoti upande wa sebuleni na sindano na uzi wa kijani. Miaka kumi na miwili, na hapo nilikuwa karibu naye kiasi cha kusikia pumzi yake.

Nilianza kushona. Upande ule shangazi alikokwaruza niliufukia ndani ya mshono. Satini ilinitii. Nilikuwa nimefika katikati nilipotambua kwamba shuka lina upenyo, na kwenye upenyo kuna jicho, na jicho halitazami mshono. Linatazama mikono yangu, yale mabaka, vifundo vilivyoungua.

"Hiyo ndio mikono?" akauliza. Hakumwuliza mke wangu. Aliniuliza mimi.

"Ndiyo, mama."

"Hiyo si upere."

"Si upele, mama. Ni ngozi kavu tu. Nilizaliwa nayo."

Nje wageni walikuwa wameingia ubeti mwingine. Mke wangu alikuwa amesimama na pini mkononi, na macho yake yalikuwa yananisihi niseme uongo.

"Na sabuni yangu?"

Ningeweza kusema ilinisaidia. Nilikuwa nimeshasema hivyo kwa miezi, kupitia mdomo wa mwingine. Lakini mtu alikuwa amenitazama kwa karibu na kuniuliza kwa kinywa chake, na nilikuwa nimechoka.

"Ilinichoma, mama."

Taratibu, mkono wake mwingine ukapita chini ya shuka, ukakishika kiganja changu cha kushoto kama vile daktari alivyokishika, akakigeuza kwenye mwanga.

"Miaka hiyo yote nimekaa mbali na wewe kwa heshima," akasema. "Na hiyo heshima ndio nimekutoa nayo ngozi."

Alikuwa analia, na bega lake lilikuwa linacheza chini ya vidole vyangu. Nilikuwa na maneno mengi niliyokuwa nimemwekea, mengine makali, nimeyapanga kabatini pamoja na sabuni. Niliyaacha huko huko.

"Mama," nikamwambia, "usitikisike. Sindano iko karibu na ngozi yako."